Mtu wa Tatu

Katika lugha ya bima kuna mhusika mmoja ambaye waandishi wetu wa hadithi wamemsahau. Anaitwa mtu wa tatu. Mtu wa kwanza ni mwenye chombo: pikipiki, gari, trekta. Wa pili ni kampuni ya bima. Hao wawili wanakubaliana, mmoja analipa ada, mwingine anatoa hati. Mtu wa tatu hayupo. Hajui hata kama kikao kimefanyika. Pengine yuko shambani anavuna mbaazi, pengine yuko gulioni, pengine hajazaliwa. Lakini mkataba wote unamhusu yeye, kwa sababu yeye ndiye atakayegongwa.

Sisi tunaopenda lugha tunamfahamu kwa jina jingine: nafsi ya tatu, yeye, anayezungumzwa na mimi na wewe. Na tunajua kwamba mara nyingi mtu akizungumzwa huku hayupo, anasengenywa. Hapa watu wawili wanamzungumzia ili siku akiumia alipwe.

Mimi ni wakala wa bima. Naishi Nachingwea, nazunguka mpaka Ruangwa, na wateja wangu wengi ni vijana wa bodaboda wa huku vijijini, kata ya Naipingo na jirani zake. Kijiweni wananiita Stika. Kwenye semina zetu hakosekani msemaji wa kutuambia kwamba kazi hii inagusa maisha ya watu. Tunapiga makofi, tunakula pilau, tunapanda basi kurudi. Nataka kuuliza kama maneno yale ni kweli, na kama ni kweli, tunamgusa nani hasa.

Najua jibu la haraka la msomaji: wewe bana unatafuta kamisheni. Sawa, naitafuta. Mwalimu naye anatafuta mshahara, na mganga hapigi ramli bure. Kulipwa hakufuti wema wa kazi. Kinachonisumbua ni kingine: kazi yenyewe inaweza kufanyika mwaka mzima, ada zikaingia, hati zikatoka, na wema ule usimfikie hata mtu mmoja.

Nenda kijiwe chochote uulize, stika hii ya nini? Utajibiwa, ya trafiki. Siku hizi hata si karatasi ya kubandika tena, ni kumbukumbu iliyo kwenye mfumo wa mamlaka ya bima, TIRA, na askari anaitazama kwenye simu. Lakini jina limebaki stika na maana imebaki ile ile: kinga dhidi ya kusimamishwa barabarani. Kijana anayelipa hajui kwamba amemlipia mtu. Mtu aliyelipiwa hajui kwamba amelipiwa. Aliyebaki kati yao na anajua ni mimi.

Sheria ilikuwa na sababu kuifanya bima hii lazima. Waingereza walifanya hivyo kwao mwaka 1930, baada ya magari kujaa barabarani na waliogongwa kukuta kwamba dereva aliyewavunja hana kitu. Kwetu ipo katika Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Kuna bima ambazo ni hiari yako: nyumba unayoishi, ukiacha ni hasara yako. Hii hukuachiwa uamuzi, kwa kuwa atakayeumia hakuwepo mezani kujitetea.

Hapa Nachingwea tuna mfano mzuri wa namna hasara inavyobebwa na namna isivyobebwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Wakaleta matrekta, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kuja Nachingwea. Karanga zikagoma. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na hasara ya takriban pauni milioni 36 ikafutwa nayo kwenye vitabu London. Reli yenyewe iling'olewa baadaye. Hakuna mkubwa aliyelala njaa kwa sababu ya karanga zile. Sasa mchukue mkulima wa Naipingo ambaye ubwiriunga umeingia kwenye mikorosho yake kabla hajapata salfa, au mvua ya nje ya msimu imeangusha maua. Hasara yake nani anaifuta? Inakaa naye ndani, inakula naye ugali. Wakubwa siku zote wamekuwa na mahali pa kupeleka hasara zao. Bima, kwa nia yake, ni kumpa mdogo mahali hapo.

Lakini nisiseme kama vile kabla ya sisi kuja na fomu watu walikuwa wanaishi kama kuku. Mahali pa kupeleka hasara palikuwepo. Kuna ukoo. Kuna chama cha kufa na kuzikana. Kuna upatu, kuna vikoba, kuna daftari la msiba ambalo kila mtu anaandikwa alichotoa. Huku kusini, ambako kwa makabila mengi mtoto ni wa upande wa mama, kuna mjomba, na mjomba akisema jambo limesemwa. Na ni mjomba aliyenipa swali gumu kuliko yote niliyopata katika kazi hii.

Ilikuwa msimu wa korosho, wakati magunia yanakwenda ghalani na bodaboda hawalali. Bibi mmoja wa kata ya Naipingo aligongwa na pikipiki jioni, mguu ukavunjika chini ya goti. Aliyemgonga ni kijana wa kijiji hicho hicho. Familia mbili zilikaa siku ile ile. Upande wa kijana ukaleta mchele, kuku wawili na shilingi 150,000. Upande wa bibi ukapokea. Hospitali wakasema ameanguka, ili pasiwe na maneno ya polisi. Kijana alikuwa anaendesha pikipiki ya mtu kwa hesabu ya kila siku. Ingezuiwa kituoni wiki mbili tu, angekula nini?

Mimi nilifika wiki tatu baadaye kwa shughuli nyingine kabisa. Nikamkuta bibi barazani, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, anapembua mpunga. Akanisimulia. Nikaomba namba ya ile pikipiki, nikaiingiza kwenye mfumo. Bima ilikuwa hai. Haikuwa imekatwa kwangu wala kwenye kampuni ninayoiwakilisha, kwa hiyo sikuwa na senti ya kupata wala ya kupoteza. Nikamwambia bibi kwamba ana haki ya kudai fidia.

Akaniuliza, "Mwanangu, hela ya yule kijana nimeipokea kwa aibu, najua mama yake kauza mbuzi. Sasa hiyo ya kwako ni ya nani?"

Nikamjibu, "Si yangu, bibi. Ni yako. Ilishalipiwa kabla hujagongwa."

"Nani alinilipia?"

"Yule yule kijana."

Bibi akacheka mpaka akashika mguu. "Kumbe alinijua!"

Jioni mjomba akaja, yaani ndugu yake bibi, mzee mwenye maneno machache. Nikamweleza na yeye. Kwamba itabidi twende polisi, tupate PF3, tueleze ukweli kwamba haikuwa kuanguka, trafiki wachore ramani ya tukio, kesi ifunguliwe, ripoti ya daktari itafutwe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Bwana mdogo, unataka tumpeleke polisi mtoto wa mwenzetu, baada ya kula kuku wake? Hiyo kampuni yako, bibi huyu akifa itakuja kuchimba kaburi?"

Sikuwa na jibu. Bibi hakupingana na kaka yake. Jambo likaishia pale, na mpaka leo anatembea kwa fimbo.

Nimelifikiria swali lile miaka kadhaa. Ni rahisi kusema mzee hakuelewa. Alielewa vizuri sana. Alikuwa anapima vitu viwili: hela ambayo ingekuja siku isiyojulikana kutoka kwa watu wasiojulikana, na amani ya watu ambao atachota nao maji kisima kimoja maisha yake yote. Kampuni kweli haichimbi kaburi. Kijiji kinachimba. Mtu anayezunguka na bima vijijini bila kuliheshimu swali hili hana tofauti na mchuuzi wa dawa za meno kwenye basi.

Aliyenisaidia kupiga hatua ni shekhe mmoja wa mjini Nachingwea. Nilikwenda kwake kwa sababu wateja wangu wengi ni Waislamu na baadhi wananiambia bima ni haramu, unanunua kitu usichokijua, kama kamari. Sikwenda kubishana. Yeye alikubali kwamba wanazuoni wana shaka hizo, ndiyo maana kuna takaful, ambamo watu wanachangiana badala ya kuuziana. Halafu akanieleza habari ya diya. Mtu akiua kwa bahati mbaya, diya haibebwi na yeye peke yake. Inabebwa na jamaa zake, wale wanaoitwa akila. Makosa ni ya mmoja, mzigo ni wa wengi, ili aliyefiwa asikose haki yake na aliyekosea asisagwe.

Nikatoka pale nikiwa na maneno niliyoyakosa mbele ya mjomba. Kuku wale wawili, mchele ule, mbuzi aliyeuzwa na mama wa kijana, hiyo ndiyo akila. Ukoo ulibeba. Na bima ya mtu wa tatu ni jambo hilo hilo, ila ukoo umetanuliwa mpaka ukaingiza watu ambao hawajawahi kuonana. Mwenye bodaboda wa Naipingo, mwenye lori wa Mtwara na mwenye daladala wa Mbagala wamekuwa jamaa bila kujua, na kila mmoja anachangia diya ya mwenzake.

Basi kama ni kitu kimoja, kwa nini tuhangaike na ule ukoo wa karatasi wakati wa damu upo? Jibu nililipata Ruangwa.

Ruangwa ya leo si ile ya zamani. Kuna madini ya kinywe, kuna ujenzi, kuna timu ya Namungo iliyofika Ligi Kuu. Watu wanatoka mbali kutafuta riziki. Mmoja wao, kibarua aliyetoka mkoa mwingine kabisa, aligongwa na bodaboda alfajiri akienda kazini. Mkono ulivunjika sehemu mbili na bega likahama. Huyu hakuwa na mjomba. Hakukuwa na kikao, kuku wala mchele, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumletea. Wenye nyumba aliyopanga walimpa uji siku nne, tano, na huo ulikuwa ungwana wao, kwani na wao wana shida zao.

Hapo ndipo nikaona kasoro ya wema wa kijijini ambayo mjomba hakuitaja, na asingeitaja kwa kuwa ilikuwa haimgusi. Ukoo unakubeba kadiri unavyojulikana na kupendwa. Mwenye watoto wengi atachangiwa zaidi ya tasa. Mzee mpole atachangiwa kuliko mlevi. Mjane ambaye watu wananong'ona kwamba ni mchawi, daftari lake la msiba litakuwa jembamba. Na mgeni hana daftari. Wema huu ni mkubwa, lakini unauliza kwanza wewe ni nani. Bima haiulizi. Ukiwa mtu wa tatu, hata ukiwa mlevi, hata ukiwa humpendezi mtu, mguu wako ni mguu.

Bodaboda aliyemgonga kibarua yule alikuwa mteja wangu. Kila ninapomkatia kijana bima huwa namsimamisha dakika tano nimwambie: hii si ya trafiki, hii ni ya mtu ambaye hujamgonga bado, siku ikitokea, usikimbie, usimwambie daktari ameanguka, nenda polisi mwenyewe, kisha nipigie. Wengi wananisikiliza huku wameshawasha pikipiki. Huyu alisikia. Saa moja asubuhi akanipigia akiwa kituoni, sauti inatetemeka. PF3 ilipatikana siku hiyo hiyo.

Kisha ikaanza safari ya makaratasi. Nilimsaidia yule kibarua kukusanya kila kitu, kwa kuwa mkono wake wa kuandikia ulikuwa kwenye plasta na Lindi mjini hakumjua mtu. Siku moja bosi mmoja wa kampuni akanipigia. Hakuwa na ukali, alikuwa anacheka nusu. "Hivi wewe ni wakala wetu au wakili wao?"

Msomaji, hilo ndilo swali la maadili la kazi yangu, na Kiswahili kimelifupisha kuliko ningeweza mimi. Wakala na wakili, herufi mbili tu. Kisheria mimi ni wa kampuni. Wao ndio wananilipa. Mtu wa tatu hanilipi chochote, na kila shilingi anayopata inatoka kwao. Je, kumfundisha kudai ni kumsaliti aliyeniajiri?

Nilimjibu bosi kwa adabu kwamba namsaidia kampuni kutimiza alichouza. Na ndivyo ninavyoamini mpaka sasa. Kilichouzwa kijiweni ilikuwa ni ahadi, na ahadi ile ilimtaja mtu huyu, ijapokuwa hakuwa na jina. Kampuni inayofurahi kwamba aliyegongwa hajui haki yake imekusanya kodi, haijafanya bima. Kwa sababu hiyo hiyo, kijana mmoja aliponitaka niandike kwamba ulemavu wake wa siku nyingi umetokana na ajali ya mwezi uliopita, nilikataa. Hela ile ina wenyewe. Ni diya ya mtu mwingine ambaye bado hajagongwa.

Malipo yalichukua miezi 11. Yalikuja pungufu ya tulichotarajia, ila yalitosha kulipa madeni ya matibabu, na akabaki na nauli na mtaji wa kuanzia kwao. Aliondoka bila kuniaga. Hakunipigia kushukuru. Siku za mwanzo nilihisi kitu moyoni, nisidanganye. Baadaye nikaona kwamba hiyo ndiyo alama ya kazi kufanyika. Bibi wa Naipingo alipokea 150,000 kwa aibu, na akikutana na mama wa kijana kisimani lazima amwamkie kwa namna fulani. Huyu alipokea chake akaenda zake, kama mtu anayechukua mshahara. Ukipewa kwa huruma, unabaki na deni la shukrani. Ukipewa haki yako, unabaki huru.

Wapenzi wa fasihi mnamjua mtu mwingine aliyefanya kazi hii. Franz Kafka aliajiriwa mwaka 1908 na taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi mjini Prague, akakaa hapo mpaka alipostaafu kwa maradhi ya kifua mwaka 1922. Tumezoea kusema ofisi ilimtesa na vitabu vikamwokoa. Lakini karani yule aliandika pia ripoti kuhusu mashine za kuranda mbao, yenye michoro ya mashine na ya mikono iliyokatwa vidole, akishauri zile zenye mhimili wa pembe nne ziondolewe, zifungwe zenye mhimili wa duara. Rafiki yake Max Brod alisimulia kwamba Kafka alishangazwa na unyenyekevu wa wafanyakazi waliolemaa: badala ya kuja kuivunja taasisi ile, walikuja kuomba. Wasomaji wengi wanachukua mshangao huo kama mfano wa ucheshi wake mchungu. Mimi nausoma kama mtu wa kazi ile ile. Alikuwa ameona kwamba mwenye haki amegeuzwa mwombaji, na kwamba dirisha alilokaa yeye ndilo lililomgeuza.

Kwa hiyo nikiulizwa kama mtu anaweza kuwafaa wengine kwa kazi ya bima, nasema ndiyo, kwa kipimo kimoja. Angalia anayekuja kudai amesimamaje. Akija ameinamisha kichwa, ada zote tulizokusanya hazijafanya kitu. Akija na karatasi zake, akaketi kitini bila kuambiwa, akauliza yangu iko wapi, basi kuna wakala mahali fulani aliyefanya kazi yake. Na mara nyingi aliifanya mapema, kijiweni, dakika zile tano ambazo hakuna aliyetaka kuzisikiliza.

Swali la mjomba bado ninalo. Njia ya kuifikia fidia inapita polisi na mahakamani, na kwa watu wanaoishi jirani, njia hiyo inaumiza. Mpaka itengenezwe njia ambayo bibi anaweza kulipwa bila kijana kuonekana adui, wazee kama yeye watachagua kuku, na sitawalaumu.

Lalamiko ninalolisikia kuliko yote ni la wale ambao mwaka umeisha hawajagonga mtu. Juzi kijana wa Naipingo alikuja kukata upya, analipa huku ananuna. "Kaka Stika, ya mwaka jana imeliwa bure tu." Nikamwambia haikuliwa yote. Kidogo nimekula mimi, kidogo imekula ofisi, na nyingine ilikwenda Ruangwa, kwa jamaa mmoja aliyevunjika mkono, na sasa yuko kwao.

Akafikiri kidogo, akawasha pikipiki. "Basi ukiongea naye mwambie nimemsalimia."